Wanapokuambia Usimwambie Wakala

Mteja aliyenaswa na matapeli wa mkopo mimi humtambua kwa salamu anayoiruka. Hapa Busia, upande wa Uganda, mtu hata akiwa mbioni kuvuka mpaka atakuuliza habari za nyumbani kwanza, ndipo akutajie namba. Huyu anakuja simu iko sikioni, anasukuma noti dirishani, namba ameiandika kiganjani kwa kalamu. Ukimuuliza pesa ni za nani anasema "za ndugu yangu," halafu anainamisha kichwa na kunong'ona kwenye simu: "Ndiyo, nimeshafika."

Nimekuwa wakala wa pesa za simu kwa miaka kadhaa na watu wa namna hii nimewahudumia wengi kabla sijaelewa nilichokuwa nakiona. Aliyenifumbua macho ni shangazi yangu. Ameniruhusu nieleze yote yaliyompata ila jina lake, naye anataka yasomwe, hasa na kina mama wa sokoni.

Shangazi anauza mukene, wale dagaa wa ziwani, na pesa zake huzunguka taratibu. Mwezi wa kwanza ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu shule zinafunguliwa Februari na mjukuu anayemlea alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Alikuwa ameomba mkopo kwenye SACCO yake, kwa fomu na wadhamini, na kamati ilikuwa haijakaa. Ndipo simu ikaita.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, safi, kama ya mtangazaji wa redio. Ilianza kwa Luganda ikarudia kwa Kiswahili: hongera, ombi lako la mkopo limepitishwa, unastahili kupokea shilingi milioni tatu leo hii, kuzungumza na afisa bonyeza moja, kuondoa namba yako kwenye orodha bonyeza mbili, nafasi hii inafungwa saa kumi na moja jioni. Shangazi aliuliza, "Mkopo wa wapi?" Sauti ikaendelea kusema bila kumsikia. Akabonyeza moja.

Tulipokaa baadaye kuyapitia yote haya, nilimwomba anitajie jina la taasisi iliyopiga. Akafikiri sana, akagundua kwamba haikutajwa. Ilisemwa tu "kitengo cha mikopo". Yeye ndiye aliyejaza jina la SACCO yake pale palipoachwa wazi. Hivi ndivyo simu hizi zinavyofanya kazi. Mashine inapiga maelfu ya namba moja baada ya nyingine, wala haijui nani ameomba mkopo na nani hajaomba. Haihitaji kujua. Mwezi wa kwanza, ukipigia watu wengi hivyo, hutakosa waliopeleka maombi mahali fulani na wanangoja jibu. Wale wasiongoja kitu wanakata. Anayengoja anaona dua yake imejibiwa.

Hapo niseme jambo moja kuhusu ile "bonyeza mbili". Watu waangalifu hudhani ndiyo njia ya kujiondoa. Sivyo. Ukibonyeza chochote, moja au mbili, umeiambia mashine kwamba namba hii iko hai na mwenyewe anasikiliza na kufuata maelekezo, kwa hiyo simu huongezeka. Ukisikia sauti iliyorekodiwa ikikupongeza kwa mkopo, kata. Usijibu, usibishane nayo, usibonyeze kitu. Baada ya kukata, fungia namba hiyo, ingawa kesho watatumia nyingine.

Afisa aliyepokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwita "mama", akamtaja kwa majina yake kamili yote, kwa mpangilio ule ule ulio kwenye ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa. Hapo shangazi alilegea. Alisema moyoni, huyu kama si wa ofisini angelijuaje jina langu?

Hili naomba lieleweke vizuri, kwa sababu limewaangusha wengi. Nilimketisha upande wangu wa dirisha nikamwonyesha. Unapotaka kumtumia mtu pesa, ukiingiza namba yake na kiasi, simu inakuonyesha jina lililosajiliwa ili uhakikishe kabla ya kuweka namba ya siri. Ukishaliona unaweza kughairi, na mwenye namba hatajua kwamba kuna mtu amelitazama jina lake. Mtu yeyote mwenye laini anaweza kufanya hivyo. Huduma iliyowekwa kutulinda tusitume pesa kwa mtu asiye sahihi, wao wameifanya orodha ya majina. Kwa hiyo mtu kujua jina lako hakuthibitishi chochote.

Kijana alimwomba namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa, akasema anajaza fomu. Kisha akataja ada ya kufungua faili, shilingi 45,000. Baada ya hiyo kulikuwa na bima ya mkopo, 120,000. Kisha simu ikaja kwamba pesa zimeshatumwa lakini zimekwama kwenye mfumo, na ili zifunguke lazima aweke asilimia kumi ya mkopo, yaani 300,000, ambazo zitarudi pamoja na milioni tatu. Kila malipo yalikuwa sababu ya malipo yaliyofuata. Aliyekwisha kutoa 165,000 anaambiwa akiacha sasa anazipoteza zote, na kweli anahisi hivyo. Shangazi alikuwa tayari amekopa kwa jirani kutimiza zile za bima. Za mara ya tatu zilikuwa pesa za mzigo wa wiki ile.

Na wakati wote huo alikuwa na maagizo: usikate simu, usiende kwa wakala anayekujua, akiuliza sema za ndugu, kwa sababu mawakala wana wivu na watakuchelewesha mpaka nafasi ifungwe. Ndiyo maana mara mbili za kwanza alikwenda kwa kijana wa upande wa stendi. Mara ya tatu yule kijana alikuwa ameishiwa floti, yaani salio la wakala la kuwawekea wateja. Ndiyo bahati iliyomleta kwangu, na hakuja kwa hiari. Aliposimama mbele yangu hakunisalimia, mimi mtoto wa kaka yake.

Nilichokifanya sikukipanga. Nilizipokea noti nikazishika bila kuziweka popote. Nikamwomba aweke simu kwenye spika nimsalimie huyo ndugu. Alikataa. Nikamwambia, "Shangazi, mtandao unazunguka, ngoja kidogo," japo mtandao ulikuwa sawa, na nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ni mkopo. Machozi yakamtoka kabla ya jibu. Kijana alisikia sauti yangu, akaanza kumfokea aondoke dirishani mara moja. Ile adabu yote ikaisha ghafla. Ni kule kufoka, wala si maneno yangu, kulikomfanya shangazi akate.

Hakunishukuru siku ile. Alinikasirikia. Alisema nimemzuia dakika ya mwisho, kwamba pesa zilikuwa zinaingia, kwamba mtoto atakaa nyumbani kwa sababu yangu. Ukimzuia mtu wako, uwe tayari kwa hayo. Usimwite mjinga na usimwambie "ningekuwa mimi." Mtu aliyezungumza na tapeli kwa saa nzima amekwisha kumwamini kuliko anavyokuamini wewe, na ukimdharau atatoka kwenda kwa wakala mwingine. Mpe maji, mpe kiti, muda upite.

Ili kumtuliza nilipiga ile namba ya kwanza, ya sauti iliyorekodiwa. Ilipokelewa na bwana mmoja dereva wa lori aliyekuwa Tororo, ameshachoka kupigiwa na watu wasiomjua wakimdai mikopo. Wenye mitambo hii wanaweza kufanya namba ya mtu mwingine ionekane kwenye kioo cha simu yako. Kwa hiyo namba kuonekana ya hapa kwetu, au hata kufanana na ya ofisi, usiitegemee. Na msiwatukane wanaopokea mnapopiga kurudisha, huenda nao wameibiwa namba zao.

Kazi iliyofuata ilikuwa kutafuta zilizokwisha kwenda. Tulipiga 100, huduma kwa wateja. Tulingoja sana, na tulipopokelewa tuliambiwa pesa zote zilikwisha kutolewa taslimu, na zikishatolewa hakuna muamala wa kurudisha. Angepiga dakika zile zile baada ya kutuma, kabla hazijatolewa, kampuni ingeweza kuzizuia. Ukihisi tu kwamba umetapeliwa, hata kama huna uhakika, piga hapo hapo. Kuomba radhi baadaye ni rahisi.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo mimi kama wakala nilipaswa kulitarajia. Zile 120,000 hazikupita kwenye simu ya shangazi. Yule wakala aliziweka moja kwa moja kwenye namba ya tapeli, kutoka kwenye floti yake. Kwa hiyo shangazi hakuwa na ujumbe wowote wa kuonyesha, na kwenye rekodi za kampuni aliyetuma ni wakala. Kanuni zetu zinatukataza kuweka pesa kwenye namba ya mtu asiyesimama mbele yetu, lakini wengi wanafanya kwa sababu mteja anaokoa ada ya kutuma. Tulirudi stendi kumwomba kijana wa watu atafute namba ya muamala kwenye simu yake. Aliogopa, akidhani tunamshtaki. Ukimlipa mtu, weka pesa kwenye laini yako kwanza halafu utume mwenyewe. Ile ada ndogo ndiyo inayokununulia ushahidi.

Polisi walituandikia maelezo na kutupa namba ya kumbukumbu ya kituo, tukaambiwa tulete taarifa ya miamala iliyochapishwa. Nauli, kuchapisha, na siku alizofunga meza sokoni, hizo nazo ni hasara ambazo hakuna anayezihesabu. Jina lililotokea kwenye namba iliyopokea pesa lilikuwa la mtu wa wilaya ya mbali. Tangu 2017 laini zetu zinathibitishwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na wengi tunaamini kwamba kwa hiyo mwenye jina ndiye mwizi. Askari alitueleza kwamba mara nyingi mwenye jina hajui kama ana laini hiyo. Muuza laini wa barabarani anakuambia kidole hakikusoma, bonyeza tena, na ile ya pili anasajili laini nyingine kwa jina lako na kuiuza. Sheria ipo: ile ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011 inatambua ulaghai wa kielektroniki kuwa kosa la jinai, na kifungo chake si kidogo. Faili la shangazi bado liko wazi. Pesa hazijarudi hata shilingi.

Lakini lililonitisha zaidi lilitokea jioni ile ile. Nilimpigia shangazi kumjulia hali, akapokea mwanaume. Nikakata, nikarudia, akapokea tena. Nilikwenda kwake kwa miguu nikamkuta ameketi, simu iko mezani kimya, haijaita kabisa. Kumbe katikati ya mazungumzo yule kijana alimwambia apige namba fulani inayoanza na nyota mbili na 21 "ili kuthibitisha mkopo." Nyota mbili, 21, nyota, namba ya mtu, kisha alama ya reli (#): hiyo ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwenye namba hiyo. Ofisi ikimpigia, tapeli ndiye anayepokea. Mimi nikimpigia kumwonya, tapeli ndiye anayepokea. Alikuwa amemfungia shangazi ndani ya chumba peke yake, na sisi wote tuko nje.

Kuangalia kama simu zako zimeelekezwa, piga *#21#. Kuondoa maelekezo yote, piga ##002#. Ni amri za kawaida za mitandao ya simu, hazihitaji intaneti, na hata simu ndogo ya vitufe inazikubali. Tuliondoa usiku ule, tukabadilisha namba ya siri ya pesa za simu, na asubuhi tukaenda kwenye duka la huduma na ndagamuntu yake kuuliza ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lake. Kama umemsomea mtu namba yako ya kitambulisho, nenda ukaulize hivyo hivyo, na usiende mara moja tu, kwa sababu wanaweza kukaa na taarifa zako kwa miezi.

Halafu zikaja simu za vitisho. Sauti nyingine, nzito, ikidai kwamba ameshachukua mkopo na asipolipa atafikishwa mahakamani. Hakupokea shilingi, kwa hiyo hadaiwi. Tuliandika tarehe na namba, tukazipeleka polisi, hatukujibu. Zilipopoa akapiga mtu mwingine, mpole sana, akisema yeye ni wa kitengo cha kurejesha pesa zilizoibwa na anahitaji ada ndogo ya kufungua kesi. Shangazi alikata mwenyewe kabla sijasema kitu. Nilifurahi mno siku hiyo.

Aibu ndiyo iliyomuuma kuliko hasara. Alikaa bila kumwambia mume wake mpaka jirani aliyemkopesha alipokuja kudai. Kulikuwa na maneno nyumbani, sitayaandika. Alikonda. Sokoni alianza kukaa mwisho wa mstari asiulizwe. Kilichomtoa huko ni kugundua kwamba jirani zake wawili wa meza walipitia hayo hayo wakanyamaza. Nasikitika kwamba mmoja wao alituma pesa kupitia dirisha langu, mwaka uliotangulia, na mimi nikampa risiti.

Mkopo wa kweli ulikuja wiki chache baadaye na nataka mtu aone tofauti. Kamati ilikaa. Waliangalia akiba yake na hisa zake, wakawaita wadhamini, wakampunguzia kiasi alichoomba, jambo ambalo tapeli hafanyi kamwe. Aliitwa ofisini akasaini mbele ya katibu. Ada ilikatwa kwenye mkopo wenyewe na akapewa karatasi. Taasisi nyingine, hasa benki, zinaweza kukutoza gharama fulani kabla, lakini utalipa kwenye akaunti yenye jina la taasisi na kupewa stakabadhi, si kwenye laini ya mtu binafsi kwa haraka ya saa kumi na moja. Na mikopo midogo ya kwenye simu unaifuata mwenyewe kwenye menyu ya mtandao wako, *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel. Wewe ndiye unayeanza.

Kuhusu wakopeshaji binafsi na programu za mikopo, tangu sheria ya 2016 wanasimamiwa na mamlaka iitwayo UMRA, na mamlaka hiyo hutoa orodha ya wenye leseni. Sheria hiyo inamkataza mkopeshaji kushikilia kitambulisho chako cha taifa au kadi yako ya benki kama dhamana. Orodha peke yake haitoshi, kwa sababu matapeli huazima majina ya taasisi za kweli. Tafuta ofisi, uende au upige namba iliyobandikwa mlangoni. Wengine wanatumia jina la PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi. Zile milioni moja za kaya zinapitia SACCO ya parishi yako, mbele ya majirani, na ukitaka kujua kama jina lako limo unamuuliza mwenyekiti au chifu wa parishi. Hakuna sauti ya kurekodiwa itakayokupigia kukupa.

Sisi wa mpakani tuna mzigo wa ziada maana wengi tuna laini mbili, ya huku na ya Kenya. Ulaghai wa upande ule unavuka bila pasi. Safaricom wamekuwa wakiwaambia wateja wao kwamba kampuni hupiga kwa 0722 000 000 tu. Anayekupigia kwa namba nyingine akijiita wa kampuni hiyo, kata.

Dirishani kwangu sasa ninamwuliza kila anayetuma kiasi kikubwa kwa mtu: unamjua kwa uso? Wachache hukasirika. Kama simu iko sikioni namwomba aikate kwanza ndipo nimhudumie, na asipotaka namrudishia pesa zake. Nimepoteza kamisheni, na mteja mmoja alihamia kwa jirani moja kwa moja. Nimewashawishi mawakala wa mtaa wetu wafanye vivyo hivyo, baadhi wamekubali.

Shangazi aliomba nafasi kwenye mkutano wa SACCO akasimama, akaeleza mwenyewe, na kiasi akakitaja. Mzee mmoja akauliza swali zuri: "Je, wakinipigia na kweli nimeomba mkopo, nitajuaje kama si ninyi?" Katibu akajibu kwamba kuanzia siku ile ofisi haitamwambia mtu yeyote matokeo ya mkopo kwa simu. Atapigiwa aambiwe njoo ofisini, basi, bila kutajiwa kiasi wala ada. Na akiwa na shaka akate, apige namba iliyochapishwa kwenye kitabu chake cha akiba. Mzee akatoa kitabu, akavaa miwani, akataka asomewe namba hiyo tena taratibu aihifadhi kwenye simu, na wengine wakatoa vyao.